Mlenga Shabaha wa Philbert

Mushumbusi alizikwa Jumamosi kwenye kibanja chake cha migomba huko Buganguzi, na Jumatatu saa mbili asubuhi aliripoti kazini. Bosi wake, Philbert, alikuwa barazani akila ndizi za kuchemsha na maharage. Aliona udongo mabegani mwa mlinzi wake na bunduki mkononi, akasema, "Umechelewa."

Mushumbusi akaomba radhi, akasimama mahali pake pa siku zote, kulia kwa mlango.

Mwaka ulikuwa 1986. Kila wiki watu walizikwa kwa ule ugonjwa mpya wa kukonda walioupa jina la Juliana, na mmoja wao kurudi kazini hakukumwachisha mtu jembe. Kilabuni walisema tu kwamba angeweza kuchagua kazi bora.

Wakati wa vita Mushumbusi alikuwa mgambo asiyekosa shabaha. Philbert naye alikwenda vitani, akarudi na magodoro kumi na mawili na jokofu. Baadaye wakavusha kahawa ya magendo ziwani kupitia kisiwa cha Goziba, Philbert akipanga, Mushumbusi akitoboa injini za boti za doria bila kugusa mtu. Mara tatu alimwokoa bosi wake. "Huyu ni mkono wangu wa kulia," Philbert alipenda kusema, na mkono hauulizwi maoni.

Wiki ya pili Philbert alichukua kibanja cha marehemu. Aliwaambia wazee wa ukoo kwamba mali ya mtu wake ni mali yake. Wazee walikunywa pombe yake ya rubisi, wakaona ana hoja.

Ephrasia, mjane wa Mushumbusi, akaenda kibanjani saa nne asubuhi na panga, akate mkungu mmoja. Mumewe alikuwa analinda, kando ya kaburi lake mwenyewe. Philbert alikaa kitini kivulini.

"Baba Joviana, ni mimi," alisema Ephrasia. "Wanao hawajala tangu jana."

Mushumbusi akamtazama bosi.

"Mzuie," alisema Philbert. "Ila usimuumize. Mimi si mtu mbaya."

Risasi ikavunja panga. Ephrasia akabaki na mpini, bila hata mchubuko. Philbert akapiga makofi.

"Nisamehe, Mama Joviana," alisema Mushumbusi. "Bosi amesema."

"Lakini wewe umekufa!"

"Nimekufa, ndiyo. Ila sikupewa ruhusa."

Philbert akatikisa kichwa kukubali.

"Miaka yote nilidhani unamwogopa," alisema Ephrasia. "Kumbe unampenda." Akatema mate karibu na kiatu cha mumewe, akaenda kuwachukua binti zake wawili. Wakatembea hadi kwa kaka yake huko Kimwani.

Mwezi uliofuata Philbert alijenga ghala juu ya kaburi, kwa kuwa mwenye kaburi hakuwa akilitumia.

Msimu wa kupanda ulipofika, kanisani Kimwani waligawa mbegu za maharage kwa wajane. Ephrasia alipanga foleni tangu asubuhi. Katekista Josia, mtu mpole, aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Mume wako amefariki?"

"Amefariki, waitu," alijibu kwa heshima. "Mwaka huu huu."

"Mbona Jumanne nilipita Buganguzi nikamwona ghalani? Tena alinisalimia vizuri."

"Ndiye huyo."

Josia akafikiri kwa haki kabisa.

"Pole sana, mama," alisema. "Hizi ni za wale ambao waume zao hawana kazi."

Akamwita aliyefuata.