Jicho la Kushoto la Guanlin

Mara ya tatu Guanlin alipopiga meza kwa kiganja, mchuzi ukaruka bakulini, dada yake Suyun akaweka mwiko chini.

"Unaua nini?"

"Nzi. Duka lako limejaa nzi, Dada."

Ilikuwa Januari, baridi ya kutetemesha meno. Hapakuwa na nzi hata mmoja katika wilaya nzima.

Suyun aliuza tambi za mchele. Mdogo wake aliendesha lori la miwa kupeleka kiwandani, na ni yeye Suyun peke yake aliyejua kwamba mdogo wake ana virusi vya UKIMWI. Alishuku pia kwamba tangu masika yaliyopita hamezi dawa, kwa kuwa alijiona mzima. Sasa alikuwa amekonda, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na mfukoni ana chupa nne za dawa ya macho alizojinunulia.

"Labda ni vumbi la miwa," alisema Guanlin akipangusa macho.

"Ziba jicho la kulia."

"Ya nini?"

"Ziba, nimesema!"

Akaziba. Suyun akamwinulia vidole vitatu mbele ya pua. Guanlin akabahatisha: "Viwili?"

Alikuwa akiendesha lori la tani kumi kwa jicho moja! Suyun alizima jiko, akafukuza wateja wawili waliokuwa bado wanakula, akamburura hadi kituo cha basi la kwenda hospitali mjini Nanning.

Daktari Qin, mama mpole mwenye sauti ya kukwaruza, aliwaonyesha picha ya ndani ya jicho: damu na mabaka meupe, ndiyo chanzo cha wale nzi. "Hivi si vya UKIMWI, ni virusi vingine; karibu sote tunavyo, vimelala. Kinga ya mwili ikiisha, vinaamka na kula jicho. La kushoto limekwenda. La kulia vimeanza pembeni. Tutachoma sindano leo."

"Mkononi?"

"Ndani ya jicho."

Guanlin alisimama, akavaa koti, akatoka. Suyun alimkuta kwenye mlango wa ngazi.

"Niache, Dada. Mtu hachomwi jicho kama samaki wa kubanika."

"Mwaka mzima nakuuliza, umemeza? Unajibu, nimemeza. Umenidanganya mezani kwangu, ukila chakula changu! Ukipofuka, nani atakuosha? Mimi! Sitaki! Sikia vizuri, Guanlin, sitaki!"

Watu wakageuka. Sauti yake ilikatika, naye akachukia kwamba imekatika. Guanlin akavua koti.

"Nishike mkono basi," alisema.

Chumbani Guanlin alimbana dada yake vidole hadi vikafa ganzi. Sindano ilikwisha kabla hajamaliza kutukana.

Wakawa wanarudi kila wiki. Baadaye akarejeshewa dawa za kufubaza virusi, na kila asubuhi Suyun alimwamuru afungue kinywa aone kama amemeza. Alifungua huku akimtolea macho. Mwezi Aprili, Daktari Qin alisema jicho la kulia limetulia.

"Nirudi barabarani?"

"Kwa lori? Hapana."

Siku tatu funguo za lori zilikaa mfukoni mwake. Ya nne alikwenda kwa miguu kuzikabidhi kwa binamu yao aliendeshe yeye, akarudi dukani ametota mvua, akaketi mbele ya bakuli.

"Tambi hazina chumvi," alisema, hata kabla ya kuonja.

Suyun alimsukumia kibakuli cha chumvi, akamwachia ajitilie mwenyewe.