Mwaka wa Baba kwa Kirumi

Baba mukubwa Paulin ndiye aliyetaka kaburi la mdogo wake Edouard liandikwe miaka kwa namba za Kirumi, kama makaburi ya mapadri wa zamani kule kwao kaskazini. "Edouard alitumikia reli mpaka mgongo ukapinda," alisema kwa simu kutoka Kambove. "Apate heshima."

Basi Syntiche, binti wa marehemu, akaenda mtaa wa Hewa Bora kwa Papa Chishimba, mchonga mawe. Akamwambia baba alizaliwa 1949.

"Miye nachonga tu, mama," Chishimba akajibu. "Uniletee ma-letre, herufi zenyewe."

Syntiche akaketi kwenye ukingo wa jiwe, akaanza. Elfu ni M. Mia tisa ni CM, mia iliyotangulia elfu. Hapo sawa. Arobaini na tisa ndiyo iliyomvuruga. Ikiwa tisa ni IX, moja mbele ya kumi, mbona arobaini na tisa isiwe IL, moja mbele ya hamsini? Akampigia baba mukubwa. "Andika XXXXVIIII," akaambiwa, "niliiona kanisani." Akatafuta kwenye simu, ikamtolea XLIX. Majibu matatu kwa mtu aliyezaliwa mara moja!

Akamfuata Abbé Précieux parokiani.

"I inatangulia V na X tu," padri akamweleza. "Tenga makumi kwanza: arobaini, XL. Halafu tisa, IX."

Akaelewa. Alipofika barabarani, hakuelewa tena. Akanakili tu alivyoandikiwa.

Jiwe likachongwa: MCMXLIX – MMXXV. Siku ya kulisimamisha, mama yake, Julienne, aliinama akapitisha kidole juu ya herufi.

"Syntiche, hii njo jina ya nani?"

"Ni mwaka wa baba, mama."

"Baba yako alizaliwa quarante-neuf, arobaini na tisa. Iko wapi quarante-neuf? Bwana yangu simuone hapa."

Syntiche akaanza kumweleza: hii inatangulia ile, ile inapunguzwa na hii... Akakwama katikati. Akamgeukia baba mukubwa. Mzee akakohoa, akajifanya anakung'uta vumbi kwenye koti.

Chishimba alikuwa bado anakusanya vyombo vyake. Syntiche akamwomba arudi na patasi. Chini ya herufi zile mchongaji akaongeza, kwa namba za kawaida: 1949 – 2025.

Julienne akazisoma kwa sauti, polepole. Ndipo akalia.