Palipokwanguliwa kwa Wembe

Katika ofisi ile ya ramani watu waliamini vitu viwili bila kuuliza: chai ya saa nne, na neno la Mstari. Jina hilo alipewa na wenzake tangu ujanani, kwa sababu mkono wake haukutetemeka hata siku moja, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumshika na uongo. La kwanza lilikuwa kweli. La pili ndilo lililotuleta hapa.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, idara iliamua kila kijiji kiwekewe kibao barabarani, na asili ya kila jina iandikwe kwenye kijitabu. Ofisi ikageuka baraza. Walikuja watu ambao kijiji chao kiliitwa kwa fisi aliyeuawa hapo, wakabishana nusu siku ni babu ya nani aliyemuua. Walikuja na wale wa Nimechoka, ambao mwanzilishi wao alikaa pale kwa kuwa miguu ilimgomea, wakaomba kwa adabu jina lenye nguvu kidogo. Mstari alicheka nao wote na kuandika. Pakizuka ubishi kanuni ilikuwa moja: linatafutwa karatasi la ramani kongwe kuliko yote, na jina lililomo ndilo.

Alicheka mpaka siku alipoingia Dada.

Hawakuzaliwa tumbo moja, ila walikua nyumba jirani, na udada ulianzia hapo. Mama yake Dada alifiwa na mume akiwa bado mbichi. Mwaka wa ukame, alipochoka kubembeleza maji kwa watu, alishika sululu akachimba kisima peke yake. Miezi mitatu watu walimpitia wakimuuliza kama anajichimbia kaburi. Maji yalipotoka, walewale wakahamia jirani na ndoo zao, na mahali pale pakaitwa Kisima cha Mjane. Mstari mwenyewe, yatima aliyelelewa na baba yake mkubwa, alipita hapo kila siku akitoka shule, na mjane hakumwacha hata mara moja apite na kiu.

Sasa Dada alitaka kitu kimoja tu: jina hilo lirudi kwenye kibao kabla naye hajamfuata mama yake. Vibao vilikuwa vinakwenda kwa mpaka rangi Jumatatu. Na ramani ilisema kijiji kinaitwa Kwa Kinara. Kinara lilikuwa jina la utani la baba mkubwa wa Mstari, aliyekuja baadaye na pampu na shamba kubwa.

Hii ilikuwa safari ya tatu ya Dada. Ya kwanza Mstari alijifungia stoo, akatuma neno kwamba yuko kazini nje. Ya pili alimwambia karatasi la zamani limepotea, huku akitazama kidole chake. Safari hii mkuu wa idara, kijana mwenye heshima zake, alilitafuta mwenyewe akalipata, akalitandaza mezani mbele ya wote.

Alimwamkia Dada, akamwekea kiti, akamwonyesha taratibu kwa ncha ya penseli.

"Bibi, watu tunasahau, lakini ramani haidanganyi," alisema. "Na hii aliichora Mstari mwenyewe, miaka thelathini na moja iliyopita."

Mstari alisikia masikio yanamwaka moto. Aliikumbuka siku ile vizuri kuliko siku ya harusi yake. Alikuwa ameandika Kisima cha Mjane kwa wino safi, baba mkubwa akaja akasimama nyuma yake. Alimwambia kwamba mtu aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia na kazi hii, hawezi kuzikwa chini ya shimo la mwanamke. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu," alisema. Zama hizo wino ukikosewa hukwanguliwa kwa wembe. Mstari aliuchukua wembe, na kazi haikumaliza dakika kumi. Alijiambia ni jina moja katika majina mia nne, nani atalia?

Shule ikachukua jina kwenye ramani, zahanati ikachukua kwa shule, watoto wakachukua kwa zote mbili. Mjane aliishi miaka tisa zaidi. Kila Mstari alipokwenda nyumbani, mjane alimtekea maji, akampokea kwa mikono miwili, na hakumuuliza neno. Kama alijua au hakujua, siri ya mtungi aijuaye kata. Shukrani ya punda ni mateke, na Mstari alijua punda ni nani.

Dada alilitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Mstari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

"Mdogo wangu, nisamehe. Nimewasumbua mara tatu. Kama wewe ndiye uliyeandika, basi sisi ndio tuliokosea. Mama umri ulikuwa umekwenda, pengine alijisemea tu."

Kama angemtukana, Mstari angevumilia. Angekaa kimya, astaafu, aagwe kwa soda na hotuba. Lakini kumsikia mtoto wa yule mama akianza kumfanya mama yake mwongo, na kwa sababu anamwamini yeye, hilo lilimshinda. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, naye akasimama.

Alilichukua karatasi akaenda nalo dirishani, akaliinua kwenye mwanga. Chini ya maneno Kwa Kinara palikuwa pamechakaa, pamekuwa pepesi kama goti la suruali ya mwanafunzi, na ndani yake mikwaruzo ya herufi za zamani ilikuwa bado inasomeka. Mkuu alisogea, akasoma kwa midomo tu.

"Nilikwangua mimi," Mstari alisema. "Baba mkubwa aliniomba, nikakubali. Mama hakusema uongo."

Wenzake wakaangalia vikombe vyao vya chai. Mkuu wa idara akasema polepole kwamba itabidi Mzee aandike maelezo, na hakumwita Mstari.

Dada hakupandisha sauti. "Mama alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Na ulikuwa unakuja kunywa maji."

"Nilikuwa nakuja."

Dada alikaza kilemba chake kichwani. Mstari alingoja alaaniwe, na kwa kweli angeona afadhali.

"Kalamu unayo?" Dada aliuliza.

Alikuwa nayo.

"Liandike. Kwa mkono uleule."

Mkuu akatikisa kichwa kukubali, naye Mstari akainama juu ya meza aliyoinamia maisha yake yote. Alilipiga mstari jina la Kwa Kinara, akaanza juu yake herufi ya kwanza. Mkono ambao haukutetemeka hata siku moja ukatetemeka, herufi ikaenda upande mbele ya macho ya ofisi nzima. Kwa mazoea akapeleka mkono wa pili kwenye wembe wake wa zamani, uliokuwa bado umelala pembeni mwa meza, ili airekebishe.

Dada aliufunika ule wembe kwa kiganja chake.

"Iache hivyohivyo," alisema. "Endelea."