Barua kwa Kicheko cha Adeng

Jumamosi saa kumi alasiri, Adeng alikuwa akipiga pasi sare yake ya uuguzi, Amer akichambua maharagwe kwenye ungo, na Mzee Ezbon, babu yake Adeng, ameketi wima mbele ya televisheni kama anayesimamia mtihani. Nyumba yao katika mtaa wa Lemon Gaba ilitumia umeme wa jua, na siku hiyo jua lilikuwa limetosha.

Mzee, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na mmoja, hakukipenda kipindi hicho cha vichekesho kutoka Nairobi. Watazamaji walioketi studioni walicheka kabla mzaha haujaisha. Walimpigia mtu makofi kwa sababu tu ameingia.

"Nimefungua milango miaka sabini na minne," alisema. "Hakuna aliyenipigia makofi."

Kisha bwana wa kwenye kipindi akampiga mtumishi wake wa kike kwa sinia, kama afanyavyo kila juma, na watazamaji mia tatu wakacheka. Juu ya vicheko vyote kilisikika kimoja chembamba, chenye kwikwi tatu mwishoni. Kilikuwa cha Adeng. Adeng mwenyewe alikuwa akinyoosha ukosi, mdomo ameufumba.

Amer aliweka ungo chini. Alikuwa mjane wa makamo, naye alikuwa amewapikia kwa miaka minne.

"Adeng, mimi iko nasikia wewe. Hiyo sauti iko yako kabisa. Kila Jumamosi huyo mama napigwa, wewe nacheka. Mwisho ya mwezi mimi narudi kwetu Rejaf."

Adeng hakubisha. Alieleza kwamba alipokuwa kidato cha tatu Nairobi, darasa lao lilipelekwa studioni kuwa watazamaji. Kabla ya kurekodi, kiti cha fundi wa sauti kilivunjika, fundi akajikuta sakafuni amekumbatia waya zake, naye Adeng akacheka. Kicheko hicho hakikurudi. Mafundi walikinasa, wakakibandika kwenye kipigo cha sinia, na kwa miaka tisa Adeng hakucheka tena. Wodini walidhani ni upole.

"Basi zima hiyo kitu," alisema Amer.

"Kuzima si kujibu," alisema Mzee. "Kicheko ni chake. Atakiandikia."

Rasimu ya kwanza ilikuwa na hasira, Mzee akairudisha. Ya pili haikuwa na tarehe. Ya tatu ilikuwa na mistari minne, kwa mwandiko ulionyooka: kwamba mwandishi hakumcheka mtu anayepigwa, na kwamba kicheko chake kiondoke mahali pale kirudi nyumbani. Mzee aliisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi, asipate pa kuiweka. Katika miaka yote ya kufundisha, jambo hilo lilikuwa halijampata.

Barua ilipelekwa na Omondi, dereva wa lori la saruji aliyekuwa akienda Nairobi. Baada ya siku kumi na mbili alirudi na kicheko kwenye kiti cha abiria, kimejaa vumbi. Watu wa forodha ya mpakani Nimule walikuwa wamekipima, wakaona hakina uzito, wakakipitisha.

"Mzee, hii mzigo yenu imenitesa," alisema Omondi. "Hapo kizuizi cha Nesitu askari ananiuliza nimebeba nini, yenyewe inacheka. Nimekaa masaa matatu nikieleza si mimi."

"Pole, mwanangu. Keti unywe chai."

Adeng alikipokea kwa mikono miwili, akakipangusa, akakirudisha kifuani. Alikijaribu mara moja tu, kwa ajili ya yale masaa matatu ya Omondi. Kwikwi zote tatu zilikuwapo.

Jumamosi iliyofuata Amer alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, lakini aliketi na ungo. Bwana akainua sinia. Watu mia mbili tisini na tisa wakacheka. Mahali pa Adeng palikuwa kimya, pengo la upana wa mtu mmoja, nalo lilisikika wazi hadi uani. Mzee Ezbon alisimama, kama alivyokuwa akisimama shuleni jina la mwanafunzi wa kwanza liliposomwa.

Amer alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mzigo, akatoa sufuria yake.

"Moja ametoka," alisema. "Wengine bado iko."

Katika televisheni mtumishi aliokota vikombe. Bwana wake alitoka, akafungua tena mlango, akapigiwa makofi.