Sekunde Kumi na Moja

Mjini kote hapakuwa na mtu wa kusoma kwa sauti kumshinda Bi Tangazo. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe, mkono kiunoni, kisha akiongeza kwamba mjini kote hapakuwa na mwingine aliyewahi kujaribu.

Jina hilo alilipata hospitalini, alikokaa miaka thelathini kwenye dirisha la kadi akiita wagonjwa. Kipaza sauti kilikuwepo, lakini kilikufa mwaka wake wa kwanza kazini, na kwa kuwa yeye hakufa, hakuna aliyeona haja ya kukitengeneza. Mkorofi alimwita kwa ukali, mwenye hofu kwa upole, na mwenye mimba ya kwanza alimwita taratibu kama mtu anayeamsha mtoto. Watu walisema ukiitwa na Bi Tangazo umeshapona nusu. Nusu nyingine ilitegemea kama daktari amekuja.

Mumewe, Fundi Saa, maneno yake aliyapima kwa kijiko cha dawa. Uzee ulipompunguzia wateja aliandika kitabu cha maisha yake, na maisha yenyewe yalikuwa springi, magurudumu yenye meno na mafuta ya saa. Jamaa walipewa kila mmoja nakala yake, wakashukuru sana, wakaenda kuegemezea meza zinazoyumba. Bi Tangazo alijikaza mpaka ukurasa wa themanini, akakutana na hii: "Mwaka ule tulimpoteza mtoto wetu wa kwanza, akiwa na siku tisa. Baada ya wiki moja nilinunua taa mpya ya mezani."

Basi. Taa!

Alikifunga kitabu, akakisukuma uvunguni. Miaka arobaini na mbili alikuwa akingoja mwanamume huyu aseme neno juu ya mtoto yule. Siku ya maziko mumewe alirudi nyumbani, akaketi mezani, akafungua saa ya mtu. Bi Tangazo alilia peke yake, na mpaka leo hakujua kama kweli alikuwa peke yake.

Ndipo maktaba ya wasioona ikaanza kutafuta vitabu vya kusikiliza, na mtu wa kuvisoma. Mkutubi alikuwa mgonjwa wake wa zamani.

"Mama, tuanze na kile cha mzee?"

"Kile? Mwanangu, hata panya walikionja wakakirudisha."

Lakini akakubali. Ameshapewa jukwaa, atakataaje?

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo iliyobandikwa magodoro ukutani. Fundi mitambo, bwana mmoja wa makamo, miwani kaipandisha juu ya kipara, alimsogezea maikrofoni, kisha akajiegemeza tayari kusinzia.

"Springi ya saa ya ukutani hukatika kwa sababu tatu," Bi Tangazo akaanza, ila aliyasema hayo kama anayemnong'oneza jirani kwa nini ndoa ya fulani imevunjika. Sababu ya kwanza, fundi mitambo akafumbua jicho. Ya pili, akavuta kiti. Kabla ya ya tatu, Bi Tangazo akachukua glasi ya maji akanywa, tena polepole, kwa makusudi mazima.

"Mama, ya tatu!"

"Kumbe hujalala."

Hakuongeza hata neno moja la kwake. Kila gurudumu aliliita kama alivyokuwa akiita wagonjwa, kana kwamba lipo kwenye benchi tangu alfajiri, linangoja kwa hofu zamu yake.

Siku ya nne wakafika ukurasa wa themanini.

"...akiwa na siku tisa," akasoma. Akanyamaza.

Hakupanga. Alikuwa anatafuta sauti ya kuisomea ile taa, anaikosa. Hasira haikufaa, alishaijaribu kimoyomoyo tangu nyumbani. Ndipo akaikumbuka taa ya zamani. Ilikuwa nzima. Iliwaka vizuri tu, yeye mwenyewe aliitumia jikoni miaka mingi baadaye. Mtu mwenye taa nzima ananunua nyingine ya nini? Labda anainamia saa, haoni vizuri, anailaumu taa, kumbe ni macho yake yamejaa maji.

Akaisoma sentensi ya pili kwa sauti ya kuwaita wenye hofu.

"Pale katikati pana shimo, mama," fundi mitambo akasema. "Nitaliziba."

"Ukiliziba, nitakuziba wewe."

"Msikilizaji atadhani simu yake imeharibika!"

"Adhani. Halafu ataelewa."

Fundi mitambo akairudisha sehemu ile, akasikiliza. Akaishusha miwani kutoka kiparani, akaifuta, akairudisha palepale kiparani. Shimo likabaki.

Kitabu kilipotoka, simu ya Fundi Saa haikutulia. Mwalimu mmoja mstaafu, asiyeona, alipiga akisema amekisikiliza mara tatu na sasa anataka kununua saa mbovu. "Na ile taa, ndugu yangu..." akaanza. Fundi Saa akajibu ahsante, akakata.

"Mzee, wewe umekisikiliza?" Bi Tangazo akamwuliza mchana mmoja, akimenya viazi karibu na meza yake ya kazi.

"Nisikilize nini, nami nimekiandika mwenyewe?"

"Hata kidogo?"

"Hata dakika. Niache na kazi, bibie."

Bi Tangazo akachukua kiazi kingine. Hakutaja kwamba siku hizi simu yake mwenyewe, mlimokuwa na kile kitabu, anaiacha imejaa chaji akienda sokoni, akirudi anaikuta imezimika.

"Afadhali," akasema, na ganda la kiazi likashuka refu. "Maana wameniharibia. Pale kwa mtoto nilinyamaza vizuri, basi yule fundi mitambo kakatakata. Kabakiza sekunde tatu."

Bisibisi ikasimama.

"Tatu?" Fundi Saa akageuka, uso umemwiva kama mtu aliyetukaniwa kazi yake. "Tatu wapi! Ni kumi na moja kamili. Nimezipima kwa saa mbili tofauti, mara..."

Akairudia saa yake upesi.

"Mara ngapi, mzee wangu?"

Fundi Saa akanyoosha mkono, akaizima taa ya mezani ili uso wake usionekane. Ilikuwa saa nane mchana, na dirisha li wazi, haikumsaidia kitu.