Soketi Moja ya Hiyam

Kitendawili: nyoka wangu mkia ukutani, vinywa vinne, ukimwacha wazi mpole, ukimfunika anakuchomea nyumba. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, umenipa: ni ekstensheni, waya wa soketi nne.

Hiyam, mshonaji wa Tripoli ya Lebanoni, alikuwa na nyoka wake huyo, kamkunja chini ya zulia. Huko mgeni kuona waya sebuleni ni kama kuona chupi kambani.

Mchana ule umeme wa serikali ukarudi. Jengo zima likaitana, "Umekuja, umekuja," kila mtu mbio kuchomeka alichonacho kabla haujakimbia. Hiyam akachomeka cherehani, pasi, hita na birika, vyote kwenye waya mmoja. Mwenye nyumba, Abu Wadih wa ghorofa ya juu, ameketi anangoja gauni: binti yake Rima anavishwa pete jioni hiyo.

"Ami, chumba kizima soketi moja. Nimekuomba tangu mavuno ya zeituni."

"Inatosha, binti yangu. Mama yangu alitulea humu kwa kandili."

"Kwani wewe sebuleni kwako unazo ngapi?"

Abu Wadih akaisifu kahawa.

Mara harufu. Hiyam akainua pasi; siyo. Zulia ndilo lililokuwa moto nyayoni. Akachomoa plagi ukutani, akafunua: waya umelainika kama jibini ya moto ndani ya keki ya kunafa, na zulia limeshaanza kuwa jeusi.

"Mbona unachomoa? Umeme utaondoka."

"Na uondoke. Nyumba ikiungua itaondoka na sisi."

"Funga utepe tu, utafika jioni."

"Utepe nitafungia zawadi ya mchumba." Hiyam akautupa waya kwenye ndoo ya taka. "Kosa langu nimeliona: mzigo mwingi, tena nimeufunika. Sirudii. Sasa imebaki soketi yako moja, ami. Pindo halijaisha, gauni halijapigwa pasi, na umeme huu hauna ahadi. Nianze na kipi?"

"Vyote."

"Hapa kimoja. Rima atoke na pindo linaning'inia, au na gauni lenye makunyanzi kama uso wangu?"

Abu Wadih akatazama saa, akatazama gauni. Hiyam akajimiminia kahawa, hana haraka.

"Nilikuuliza swali, ami."

Mzee akanyanyuka, akatia gauni begani, akaikumbatia cherehani kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kupanda kwenda sebuleni kwake. Hiyam akamfuata na pasi. Ngazi ya tatu mzee akasimama kutweta.

"Sita," akasema, bila kugeuka. Akapanda ngazi moja. "Saba, na ile ya nyuma ya kabati."