Filimbi ya Mwezi wa Nane

Kabla ya shingo yake kupasuliwa, Phelista alikuwa na sauti ya kumwamsha shemasi aliyelala. Kwaya ya kanisa lao pale Kitale ilimweka mstari wa mbele miaka nenda miaka rudi, na hata wasiompenda walikiri kwamba akishika ubeti wa pili, watu walitoa sadaka bila kuangalia ni noti gani imetoka mfukoni. Kisha uvimbe ukamwota shingoni, madaktari wakautoa, na sauti ikaondoka nao. Iliyobaki ilikuwa ya jogoo mwenye mafua.

Levi, mwalimu wa kwaya, alikuwa mtu wa adabu nyingi na huruma kidogo. Hakumfukuza. Alimwita kando akamwambia kwamba Bwana amemfungulia huduma mpya, huduma ya chai. Kwaya ikifanya mazoezi Jumamosi, yeye awe jikoni. Phelista alikubali, maana mtu akishatajiwa Bwana hana mahali pa kukata rufaa. Jumamosi ya kwanza alilia juu ya sufuria huku akisikiliza mwanamke mwingine akiuharibu ubeti wake. Chai ya siku hiyo ilisifiwa sana.

Filimbi aliipata sokoni, mahali alipouza maharagwe. Jirani yake wa mitumba alifungua belo la vitu vya watoto, na katikati ya midoli isiyo na vichwa kikatoka kijibomba cha bati chenye matundu sita na mdomo wa plastiki ya kijani. Phelista alikipuliza kwa mzaha tu. Mlio uliotoka ulikuwa mmoja, mwembamba, safi, na yeye akabaki ameduwaa. Koo halikuhusika hata kidogo. Madaktari walichukua sauti yake, lakini pumzi waliiacha, na alikuwa hajawahi kufikiria kwamba pumzi bado ni yake.

Jumamosi iliyofuata aliwatangazia wanakwaya kwamba anarudi mstari wa mbele, safari hii na chombo. Walicheka. Levi alingoja kicheko kiishe, kisha akatamka hukumu yake mbele ya wote.

"Dada Phelista, Jumapili ya shukrani nakupatia nafasi. Ucheze wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Ukikwama unarudi kwa sufuria, na hayo maneno ya mstari wa mbele tusiyasikie tena."

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza, chai nitapika mimi."

Wakacheka tena, wengine mpaka wakashikilia viti. Phelista hakucheka. Alirudi nyumbani kwake karibu na Kipsongo akijua kwamba asipouweza wimbo huo mmoja, atazikwa siku moja kama mama wa chai, na Levi ndiye atakayesoma wasifu wake.

Alitafuta mwalimu kwenye simu. Alimpata mzungu mwenye ndevu nyingi aliyeeleza kila kitu kwa Kiingereza cha puani na kwa vidole. Kiingereza Phelista alikiacha kipite. Vidole alivielewa. Ukiziba matundu yote unapata sauti ya chini, ukifungua moja moja kutoka chini unapanda ngazi. Na usipulize kwa nguvu, puliza kama unapoza uji wa mtoto. Hapo ndipo palipomshinda. Phelista alikuwa amepuliza makaa mabichi maisha yake yote, na filimbi nayo alipewa pumzi ya makaa mabichi. Kila alipofika mstari wa tatu, pale wimbo ule wake wa kwaya unaposhuka chini kabisa, filimbi ilipiga ukelele wa panya aliyekanyagwa. Naye akisikia ukelele huo alisimama, akajilaani kidogo, akaanza upya kutoka juu. Mistari miwili ya kwanza aliijua kama jina lake. Wa nne alikuwa hajauonja.

Majirani walivumilia siku chache. Suad, mke wa Osman mwenye bucha, alikuja na sambusa na salamu ndefu, akazunguka huku na huko, mwisho akasema kwamba wateja wa mume wake wameanza kuuliza pale nyuma kunachinjwa nini. Si kwa ubaya, mama. Lakini mteja akisikia sauti kama ya paka halafu akaangalia nyama, moyo unasita.

Phelista alikula sambusa akakata shauri. Mcheza kwao hutunzwa. Angeenda kwao Mabanga, kwa kaka yake Wangila, kwenye shamba pana ambako filimbi ingewaudhi ng'ombe peke yao. Aliipakia filimbi mkobani pamoja na gauni moja na Biblia, akashuka Bungoma. Angekumbuka huo ulikuwa mwezi gani, na mwaka gani, angeiacha filimbi Kitale.

Maana ulikuwa mwezi wa nane, na mwaka ulikuwa ule wa kugawanyika kwa mbili, mwaka wa tohara. Kwa Wabukusu, watu wa kwao, mwezi wa namna hiyo filimbi si chombo cha muziki. Ni taarifa. Inasema kuna kijana anakwenda kutahiriwa, na watu waache walichoshika waje kumsindikiza. Tena kabla ya kisu, kijana huyo lazima aende kwa mjomba wake, kaka ya mama, na mjomba anachinja ng'ombe, anamvisha kipande cha nyama ya kidari shingoni. Mjomba asiyechinja ni mjomba wa jina tu.

Na Wangila alikuwa wa jina tu. Wabwile, mtoto wa pekee wa Phelista, alipofika umri wake, Wangila alisema ng'ombe ana mimba. Mwaka wa shughuli uliofuata alisema ng'ombe yuleyule ana mimba tena. Phelista alichoka, akampeleka mtoto hospitalini Kitale bila kumwambia mtu, mambo yakaishia kwenye sindano moja na soda mbili. Mabanga hawakupata habari hiyo. Walichojua ni kwamba mpwa wa Wangila hakuwahi kuja kudai nyama yake, na kwamba sasa ana miaka thelathini na kitu, anafanya kazi ya ofisi Nairobi, hana mke.

Asubuhi ya kwanza Phelista alikaa nyuma ya zizi, akatia filimbi mdomoni. Pii. Pii, pii. Akafika mstari wa tatu, ukelele, akaanza upya. Ng'ambo ya ua, mama jirani aitwaye Nabwile aliweka jembe chini. Dada ya Wangila amekuja. Ni mwezi wa nane. Filimbi inalia, tena nyuma ya zizi la ng'ombe. Hesabu hiyo hata asiyewahi kuona ubao wa darasa angeipiga. Kufikia saa nne, Mabanga nzima ilikuwa inajua kwamba Wabwile wa Nairobi amekubali yaishe, na kwamba amefichwa kwenye chumba cha mjomba wake kwa aibu ya umri.

Wabwile mwenyewe alipiga simu jioni.

"Mama, niko kazini tangu asubuhi. Kwa nini watu wa huko wananitumia meseji ati nisiogope?"

Phelista alimwambia apuuze, watu wa kijijini wana mambo mengi, akazima simu arudi kwa mstari wa tatu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa matundu sita na hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Kesho yake, alasiri, walikuja. Walisikika kabla ya kuonekana: njuga, makofi, miguu mingi ikitwanga barabara kwa pamoja, na wimbo wa wanaume unaoitikiwa na wanawake. Walikuwa wamekata matawi. Wengine walikuwa wamejipaka unga usoni. Wangila, ambaye wakati huo alikuwa akibishana na mkewe Rispah kuhusu kijiko cha sukari kilichozidi, alikimbilia geti akalishika kwa mikono miwili. Walimsukuma pamoja na geti lake wakajaa uani.

Mzee aliyewatangulia alinyoosha fimbo yake kuelekea mlangoni. "Wangila, rete kijana."

"Sina kijana hapa, mzee wangu."

"Firimbi anapiga nani? Ng'ombe?"

Phelista alitoka nyuma ya zizi na filimbi mkononi, gauni limejaa majani. Akasema ni yeye. Akaeleza yote: shingo, kwaya, Levi, sufuria. Njuga zilinyamaza moja moja. Kisha Nabwile alianza kucheka, akafuatwa na ua mzima, mpaka wengine wakaketi chini. Phelista alisimama katikati yao na machozi yakimlenga, maana alikuwa amechekwa Kitale na sasa anachekwa kwao, na kwao kunauma zaidi.

Nabwile, yule jirani, ndiye aliyeyaona machozi hayo. Alijipangusa unga machoni akanyamazisha wenzake. "Basi piga tusikie, dada yetu. Sisi tumeshatoka nyumbani, hatuwezi kurudi na miguu mizima."

Phelista akapiga. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri, na miguu ikaudaka palepale, maana miguu ya siku hiyo ilikuwa na njaa ya kitu chochote. Wa pili ukatoka vizuri zaidi. Wa tatu ukashuka chini, na filimbi ikapiga ukelele wake wa panya. Phelista akasimama kama kawaida yake, akataka kuanza upya.

Miguu haikusimama. Watu mia hawaanzi upya kwa sababu ya panya mmoja. Walimpita na mstari wake wa tatu, wakaukanyaga, wakawa wanaelekea wa nne bila yeye. Phelista aliona wimbo wake ukiondoka kama mtu anavyoona lori likiondoka na mzigo wake. Akaukimbiza. Akarukia mahali walipokuwa, akashika mstari wa nne ambao hakuwa amewahi kuufikia, na kumbe vidole viliujua siku zote, vilikuwa vinangojea tu kuruhusiwa. Akamaliza. Hawakumpa nafasi hata ya kushangaa, wakamrudisha mwanzo. Mara ya pili alikosea tena palepale na akapita. Mara ya tano alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuwa na pumzi ya kuwasha makaa, akapuliza kidogo tu, na sauti ya chini ikatoka nene na tamu, ikamtetemesha meno. Alifurahi mpaka akasikia kizunguzungu.

Walipopumzika, mzee wa fimbo aliuliza swali lililokuwa limemkaa. Huyo Wabwile, je, alikwenda kwa kisu au hakwenda?

"Alienda," Phelista alisema, na sauti yake ya jogoo ikafika kila kona ya ua. "Hospitali ya Kitale, kwa siri. Kwa sababu ng'ombe wa mjomba wake alikuwa na mimba ya miaka miwili."

Hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia Wangila, polepole, na watu wenye unga usoni wakikuangalia hivyo huhitaji kuambiwa neno. Wangila alimtazama Rispah, na Rispah akatazama mlima. Jioni hiyo fahali alichinjwa. Wangila alilia kuliko alivyolia alipomzika baba mkwe wake, na kwa kuwa Wabwile hakuwepo, nyama ya kidari alivishwa Phelista shingoni, juu ya kovu lake. Wazee walibishana kama mila inaruhusu mwanamke avishwe. Walibishana huku wakila, kwa hiyo ubishi haukufika mbali.

Jumapili ya shukrani kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Levi alimtangaza Phelista kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa jirani, akakaa kiti cha mbele, mguu juu ya mguu. Phelista akaanza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu vidole vikateleza kwa jasho, na panya akalia mbele ya mchungaji na waumini wote.

Levi alitabasamu, akaanza kuinuka.

Lakini mguu wa Phelista ulikuwa ukitwanga sakafu tangu mwanzo, na mguu uliofunzwa Mabanga hausimami kwa sababu ya panya. Alipita. Alishika mstari wa nne, akarudi ubeti wa pili, ubeti wake, na sasa wimbo wa kanisa ulikuwa na mwendo ambao hakuna mmisionari aliyeuleta. Akina mama waliotoka Bungoma waliutambua mara moja. Mabega yao yakaanza taratibu, kwa heshima, kisha heshima ikaisha. Mchungaji aliinua macho kwenye dari akayaacha huko. Phelista alimaliza, akashusha filimbi, akapiga goti kidogo kama alivyofanya zamani.

Nje, Levi alimfuata mpaka chini ya mti wa kuegeshea magari akamkumbusha, kwa adabu, kwamba alikosea mstari wa tatu na kanisa lote lilisikia.

"Ulisema nisikwame, Mwalimu," Phelista akamjibu. "Kukosea hukukutaja."

Jumamosi iliyofuata Phelista alisimama mstari wa mbele, filimbi mkononi. Wanakwaya walikuwa wamemfungia Levi leso kiunoni wakamwonyesha mlango wa jikoni, na hakupata pa kukata rufaa. Alibandika sufuria, akamimina maziwa. Kutoka ukumbini ubeti wa pili ukaanza, ukashuka hadi chini kabisa, nene na tamu, na yeye akabaki ameshika mwiko, akisikiliza kwa mdomo wazi, mpaka maziwa yakafurika na kuzima moto. Chai ya siku hiyo haikusifiwa na mtu.